Daftari la Sala na Safari ya Koboko

Mhariri ameniomba niandike juu ya kazi za umoja wetu wa Wakristo hapa shuleni, kwa kuwa mwaka jana nalikuwa karani wake. Nadhani alitaka orodha ya mikutano na hesabu ya nyimbo tulizojifunza. Orodha hiyo imo katika kitabu cha kumbukumbu, na apendaye aje aisome. Mimi nataka kueleza habari moja tu. Si habari ya kujisifu, lakini wenzangu wamekubali niieleze.

Wanafunzi wa zamani mtakumbuka mwembe ulio nyuma ya kanisa. Mpaka leo twakutana pale kila Ijumaa jioni, mvua isiponyesha. Mtindo wetu ulikuwa ule ule mliotuachia: wimbo, somo, kisha sala moja baada ya nyingine. Twaliwaombea wakuu wa serikali, wagonjwa, wasafiri, wakimbizi, na wote wasiolijua Neno. Mwezi wa Februari sala huwa nyingi zaidi. Tarehe 16 twamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 kwa kuwa hakunyamaza mbele ya serikali ya Idi Amin; tena Jumapili ya tatu ya mwezi huo ni siku ya kuwaombea wanafunzi wa dunia nzima, desturi ya shirikisho la wanafunzi Wakristo lililoundwa Sweden mwaka 1895. Basi kuomba twalijua. Wako miongoni mwetu walioweza kuomba robo saa bila kupumua, na wadogo wakawahesabia dakika kwa saa zao.

Mwezi wa Machi twalipanga kesha la kuwaombea wakimbizi. Sababu ilikuwa nzuri, maana sisi wa West Nile twaishi pamoja nao. Bidibidi, kule Yumbe, ilifunguliwa mwaka 2016 vita vya Sudani Kusini vilipozidi. Rhino Camp iko upande wa mto Nile. Na Lobule, katika wilaya ya Koboko, wako watu waliotoka Kongo. Twalianza saa tatu usiku. Tulipotaka kuimba, mtu akauliza, "Mpiga ngoma yuko wapi?" Watu wakageuza vichwa huku na huku. Hakuwapo. Mwenzetu mmoja akaishika ngoma, akaipiga vibaya, nasi tukaendelea mpaka saa nane.

Huyo mpiga ngoma alikuwa kijana wa kidato cha tatu, Mkakwa, na kwao ni huko huko Lobule. Alikuwa mkimbizi. Siku ya Jumatatu alirudishwa nyumbani pamoja na wengine kwa ajili ya karo. Sisi twalikesha Ijumaa.

Hapo sina pa kujificha, kwa kuwa nalikuwa kiranja wa bweni lake. Kazi ya kiranja ni kuita majina kila usiku kabla taa hazijazimwa. Jumamosi asubuhi nalifungua daftari la bweni kutafuta jambo jingine kabisa, nikaona maandishi yangu mwenyewe: Jumatatu, hayupo. Jumanne, hayupo. Hivyo hivyo mpaka Ijumaa, mara tano, kwa mwandiko mzuri. Ijumaa naliita majina mapema kwa sababu ya kesha, na nadhani haikupita nusu saa tangu niandike neno hilo la tano, nami nikawa nimepiga magoti chini ya mwembe nikiwaombea watu wa Lobule.

Watu wa Uamsho, ule uliotokea Rwanda na kuenea Uganda katika miaka ya 1930, wana desturi ya kuungama makosa yao wazi mbele ya ndugu. Bibi yangu ni mmoja wao. Nilipokuwa mdogo naliona haya kumsikia akisimama kanisani kutaja kwamba amemsema vibaya jirani, tena jirani mwenyewe ameketi pale pale. Lakini Ijumaa iliyofuata sikuona njia nyingine. Nalisimama nikaisoma ile orodha. Nalidhani watacheka. Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema kwamba yeye hula meza moja na yule kijana, na wiki ile alifurahi kuona maharagwe yamebaki. Mwingine alikuwa amekwisha chukua nafasi yake darasani, karibu na dirisha.

Mtunza fedha akauliza kama twaweza kumpelekea kitu. Sandukuni mwetu mlikuwa na fedha za safari ya Koboko, tuliyokuwa tumeipanga kwa likizo ya Mei: nauli za watu kumi na wawili na kodi ya kipaza sauti. Tukabishana sana. Mwishowe wengi wakasema fedha zile zilitolewa kwa ajili ya Injili, haifai kuzigeuza. Nami, baada ya kuungama kwangu kote, nikapiga kura pamoja na wengi.

Basi mwezi wa Mei tukaenda Koboko. Kwa wasioijua, Koboko iko kilomita hamsini na kitu kaskazini ya Arua, na siku hizi barabara ni ya lami mpaka Oraba mpakani. Ni mahali pa ajabu kidogo. Nchi tatu zakutana pale, Uganda, Kongo na Sudani Kusini, na Wakakwa wako katika zote tatu, maana waliopiga mistari hiyo hawakuwauliza. West Nile yenyewe ilikuwa chini ya Mfalme Leopold, kisha ikatiwa Sudani mwaka 1910, kisha ikaingizwa Uganda mwaka 1914. Sokoni utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Lingala na Kiswahili kabla hujamaliza kununua nyanya. Waislamu ni wengi. Silvanus Wani, aliyemfuata Luwum katika uaskofu mkuu mwaka 1977, alikuwa Mkakwa, kama Amin alivyokuwa.

Twalisimamisha kipaza sauti mbele ya maduka. Msemaji wetu ni kijana mwenye sauti kubwa na moyo mwema. Alianza vizuri, kisha akapamba moto, akasema kwamba watu wa mji huu wako gizani. Nadhani hakukusudia ubaya. Ni maneno tuliyozoea kuyasema chini ya mwembe, ambako hayupo wa kuyajibu. Saa ya sala ya alasiri ilikuwa karibu, na msikiti haukuwa mbali, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiri.

Mzee mmoja mwenye kanzu akaja polepole, akangoja msemaji anywe maji. Alisema Kiswahili kile cha jeshini, kifupi na kigumu, lakini sauti yake ilikuwa ya upole.

"Salaam alekum, wanangu. Mmetoka wapi?"

"Tumetoka Arua, mzee."

"Karibuni. Mmefikia kwa nani?"

Tukatazamana. Twalikuwa tumelala katika darasa tupu la shule moja ya msingi. Hatukuwa tumefikia kwa mtu yeyote.

"Mgeni hutaja mwenyeji wake kwanza, ndipo aseme neno lake," akasema. "Kijana wenu asema tuko gizani. Ameingia nyumba gani akaikuta haina taa?"

Kisha akatueleza, wala hatukumwuliza, kwamba mwaka 1980, baada ya Amin kuangushwa, askari walipoingia West Nile na watu kukimbia, yeye na mkewe walivuka kwenda Sudani na watoto wanne. Waliowapokea hawakuuliza dini. Waliuliza majina, na watoto ni wangapi. Akasema ndugu yake ni mwalimu wa kanisa hata sasa, na penye matanga hukaa mkeka mmoja. "Sisemi msihubiri," akasema. "Nauliza mwamjua nani hapa."

Ndipo mmoja wetu akasema, kwa sauti ndogo, "Mzee, twamjua mmoja. Yuko Lobule."

Kipaza sauti kikazimwa. Mzee akatuitia mwenye pikipiki anayemwamini, akapatana naye nauli kwa niaba yetu, na wawili tukaenda: mimi na yule msemaji.

Twalimkuta kijana wetu akifyatua matofali pamoja na mjomba wake, apate salio la karo. Alipotuona alisimama, akapangusa mikono katika suruali.

"Kaka, mmetumwa na shule?"

"La, hatukutumwa."

"Basi mmekuja kuhubiri?"

Sikuwa na jibu. Akaona nimenyamaza, akasema, bila hasira yoyote, "Nalisikia mlikesha kwa ajili yetu. Asanteni." Naliwahi kupigwa na kutukanwa katika maisha yangu, lakini hayakuniuma kama ile asante.

Mama yake akatuletea maji ya kunywa, kisha mihogo iliyochemshwa. Tukamwuliza salio la karo ni kiasi gani. Lilikuwa dogo kuliko kodi ya kipaza sauti pamoja na nauli zetu. Msemaji wetu akainamisha kichwa, akaniambia kwa Kilugbara nisitafsiri hesabu tuliyokuwa tukiifanya.

Siku tatu zilizobaki nusu yetu twalikwenda Lobule kukanyaga udongo. Si wote waliopenda. Mmoja alinung'unika kwamba tumekuja kwa Injili, si kwa matope, na sikumlaumu, kwa kuwa alikuwa amejifunza somo lake la mahubiri kwa wiki nzima. Jumapili twaliingia katika kanisa lao dogo, tukaombwa kuimba, na mpiga ngoma akaipiga ngoma yake inavyostahili. Mhariri akiniuliza wangapi waliokoka, namwambia sikuhesabu.

Tuliporudi twalimwendea mwalimu mkuu, akakubali kijana yule alipe kidogo kidogo. Wanafunzi wa zamani wawili, ambao wamekataza kutajwa, walisaidia. Alirudi mwezi wa Septemba. Lakini muhula mzima wa pili ulikuwa umempita, na mwaka huu ameketi tena kidato cha tatu na wadogo zake. Jambo hilo lamwuma, na halikurudishwa kwa sala wala kwa matofali.

Sasa nieleze daftari, maana wengi wameuliza. Ni daftari la kawaida la kurasa 96. Ukurasa una sehemu tatu: jina la mtu, haja yake, na nani amekwenda. Halikubaliwi neno "wakimbizi" wala "wagonjwa" wala "watu wa Koboko"; laandikwa jina, na mwenye kuleta jina sharti awe amemwona mtu huyo wiki hiyo. Mwanzo sala zetu zilifupika sana, hata Ijumaa ya kwanza twalimaliza kwa dakika kumi na mbili, tukabaki tumeketi kama watu waliokosa basi. Hatukumjua hata jina mpishi anayetupikia posho tangu kidato cha kwanza. Alipoandikwa, tulipata kujua mtoto wake amelazwa Kuluva, na wawili wakaenda kumwona kwa miguu, kwenda na kurudi, siku ya Jumamosi.

Nikitaja Kuluva sina budi kusema jambo moja, ingawa ni nje ya njia kidogo. Hospitali ile ilianzishwa na ndugu wawili wa misioni, Ted na Peter Williams. Mwaka 1961 Ted Williams na mwenzao mmoja walisafiri na daktari Denis Burkitt wa Mulago katika gari kuukuu, zaidi ya maili 10,000, kufika hata Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi waonekanapo watoto wenye uvimbe fulani wa taya. Hivyo waliujua ugonjwa ule unapopatikana na usipopatikana, na saratani hiyo hata leo yaitwa kwa jina la Burkitt. Hawakuwa na mashine kubwa. Waliandika mahali, wakaandika ni nani aliyeonekana pale. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe hutuhadithia habari hii kwa ajili ya mtihani. Mimi naikumbuka kila nikifungua daftari letu.

Daftari lina matatizo yake. Wako wanaoandika majina ya rafiki zao tu. Wako waliokwenda kumtembelea mtu ili tu kujaza sehemu ya tatu, naye akatambua. Tena yako majina ambayo sehemu ya tatu ni tupu kwa muhula mzima, na kila Ijumaa yasomwa vivyo hivyo, tupu, nasi twainamisha macho. Karani mpya alitaka kuyafuta ili ukurasa upendeze. Tukamkataza.

Yule kijana hakurudi mara moja katika umoja wetu. Alikuja darasani, akacheza mpira, akanisalimu vizuri, lakini Ijumaa hakuonekana, na ngoma ikakaa pembeni ya kanisa. Sikumsukuma. Mwezi uliopita naliandika jina la yule mzee wa Koboko, kwa kuwa alileta habari kwamba mkewe hana afya, na kwamba tukija tena tufikie kwake. Nikamwendea kijana bwenini, nikamweleza kwamba twataka kwenda kumwona mzee likizo ijayo, watu wanne tu, na kwamba hatuna mtu wa kutusemea Kikakwa.

Akafikiri kidogo, akasema atakuja, mradi kipaza sauti kibaki Arua.