Lugha Inayosalia

Tamthilia ya Star Trek ilianza kurushwa Marekani mwaka 1966. Tanzania Bara ilisubiri kituo cha televisheni hadi 1994. Hapa Kasense niliipata uzeeni, katika diski za DVD zilizoanza kutolewa mwaka 1999, sehemu mbili kwa kila diski.

Wapenzi wa lugha hupenda kusimulia kwamba jina la Uhura, afisa wa mawasiliano aliyeigizwa na Nichelle Nichols, lilitokana na neno letu uhuru, kisha hubishana juu ya irabu ya mwisho. Mimi hunivuta zaidi sehemu iitwayo "The Changeling", iliyorushwa Septemba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Humo mtambo unafuta kumbukumbu ya Uhura. Anafundishwa upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza, na anapokwama, anatamka Kiswahili.

Siku iliporushwa, maneno hayo yalipita kama upepo. Diski hurudishwa nyuma, nami nimeyasikiliza mara nyingi. Matamshi yana ugeni, lakini jambo lenyewe nimelishuhudia darasani Ufipa: mwanafunzi akibanwa na Kiingereza hukimbilia Kiswahili, akibanwa na Kiswahili, hukimbilia Kifipa. Wapo walimu waliomwadhibu kwa hilo. Tamthilia ile haimwadhibu Uhura.

Washairi wenzangu, tukifutiwa yote tuliyosomea, tutalalamika kwa lugha gani? Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na nadhani mimi nitalalamika kwa Kifipa.