Muziki Wangu Ulipohamia Mikononi

Kwa miaka mingi nilitunga muziki kwa macho. Nilikuwa na laptopu, programu ya FL Studio na kipanya, basi. Kila noti niliichora kwenye skrini kwa kubofya, kisanduku hapa na kisanduku pale, mpaka biti ikajaa. Nyimbo zilitoka, watu walizicheza harusini, na kodi ya chumba cha studio ililipika. Lakini chakacha, muziki wa kwetu Pwani, ilinishinda.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Mwendo wa ngoma zake, msondo, vumi na chapuo, naujua tangu nikiwa mdogo, na mtu akiupiga vibaya nasikia kabla hajamaliza duru ya kwanza. Kwenye skrini yangu ngoma zote zilikuwepo, kila moja mahali pake, na bado mwili haukutikisika. Nilimsikilizisha kazi hiyo mzee mmoja mpiga vumi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa upole, “Ngoma zote ziko, mwanangu. Mpigaji ndiye hayuko.”

Maneno hayo yalinikaa. Nikanunua kontrola ndogo ya mtumba, Akai MPK Mini, yenye vibonyezo 25 vya kinanda, pedi 8 za kupiga kwa vidole na vitufe 8 vya kuzungusha. Ndani yake hamna sauti hata moja. Ukipiga pedi, kinachopita kwenye waya wa USB ni habari tu: noti namba fulani imepigwa, kwa nguvu kiasi fulani, kwenye chaneli fulani kati ya 16. Namba ya noti huanzia 0 mpaka 127, na nguvu ya pigo nayo huishia 127. Programu ndiyo inayopokea habari hizo na kuzigeuza kuwa vumi au fidla. Lugha hiyo, MIDI, ilitangazwa mwaka 1983. Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Sequential Circuits walisimamia vinanda vya kampuni shindani visikilizane, na mwaka 2013 wote wawili walitunukiwa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Mimi nawashukuru hadi leo.

Kuunganisha kwenyewe hakukuwa kazi kubwa. Nilifungua mipangilio ya MIDI, nikaiona kontrola kwenye orodha, nikaiwasha. Kazi ilikuwa kwenye kuchelewa. Nilipiga pedi na sauti ikaja nyuma ya kidole, jambo ambalo mpiga ngoma hawezi kulivumilia. Nikachagua draiva ya sauti ya ASIO, kisha nikashusha bafa, ile akiba ya sauti inayosubiri kabla ya kutoka, kutoka sampuli 1,024 hadi 256. Kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni kutoka milisekunde 23 hivi hadi karibu 6. Kidole na sauti vikawa kitu kimoja.

Halafu nikapanga pedi: vumi kwenye noti 36, chapuo 38, msondo 40. Hapa nawaambia wenzangu: shikeni namba, msishike jina. Noti 60, ile Do ya katikati ya kinanda, FL Studio inaiita C5 na programu ya Ableton Live inaiita C3. Ukifuata majina, siku ukihama programu hutaona ngoma zako zilipo.

Usiku mmoja nilizima kile kifaa cha programu kinachonyoosha noti zikae sawa kwenye mistari, nikapiga chapuo kwa vidole viwili mfululizo, macho nimefumba. Nilipofumbua nikatazama skrini. Hakuna pigo hata moja lililokaa juu ya mstari. Mengine yalitangulia kidogo, mengine yalibaki nyuma, na nguvu zilipishana: pigo zito lilifika 110, dogo lake la pembeni 40 na kitu, la kufuata likapanda tena. Mistari yenyewe ilikuwa imegawa kila pigo mara nne, na chakacha inataka tatu. Yale niliyokuwa nikiyachora kwa kipanya yote yalikuwa na nguvu moja na yamekaa juu ya mstari. Nikaelewa alichokosa yule mzee.

Vitufe vya kuzungusha navyo vilinifungulia mlango. Ukibofya kwa upande wa kulia kidhibiti cha FL Studio, ukachagua kukiunganisha na kontrola, kisha ukazungusha kitufe, programu inakishika papo hapo. Kimoja nimekipa mtikisiko wa fidla, kingine sauti kupanda na kushuka. Sasa fidla inapumua mkono wangu unapotaka ipumue. Hata ile nusu ya nusutoni ya makamu ya Kiarabu ya Rasti, ambayo kinanda hakina kibonyezo chake, naifikia kwa kupinda sauti: upindaji una hatua 16,384, kwa hiyo nafasi ipo tele kati ya noti na noti.

Nimempigia mzee kazi mpya. Safari hii hakusema kitu. Vidole vyake vilianza kujibu mezani kabla wimbo haujafika katikati.

Nina ombi moja kwa wasomaji. Makanisani na kwenye kumbi za vikundi vya taarabu vimelazwa vinanda vya zamani vilivyofifia sauti, na vingi vina nyuma yake tundu la duara la pini tano lililoandikwa MIDI OUT. Msivitupe wala msiviuze kwa bei ya chuma chakavu. Waya wa kugeuza MIDI kuwa USB unatosha kukifanya kinanda kama hicho kuwa kontrola ya laptopu ya leo, maana lugha ile ya 1983 bado inaeleweka. Mpeni kijana wa mtaa anayechora noti kwa kipanya.