Wapima Moshi wa Wilmington

Barabara ya 710 hushuka kutoka mashariki ya Los Angeles hadi bahari ya Long Beach ikiwa imebeba malori mchana kutwa. Gari dogo likijikuta katikati ya trela mbili halina la kufanya ila kunyenyekea. Huko chini ziko bandari za Los Angeles na Long Beach, na ukizihesabu pamoja, hakuna mahali Marekani panapopokea makontena mengi zaidi. Kando ya njia kuna nyumba, shule na nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Wapo wanaouita ukanda huu ukanda wa kifo cha dizeli, na hawatanii.

Mwenyeji wangu ni dereva mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, mwenye lori lake mwenyewe. Alinipeleka Wilmington, mtaa uliobanwa kati ya bandari na mitambo ya kusafishia mafuta, kwenye yadi ya vumbi ambako malori hupimwa moshi. “Mdogo wangu,” aliniambia tukishuka, “hapa hata ukijua kubembeleza, utambembeleza nani?”

Lori la kwanza kwenye foleni lilikuwa na injini ya mwaka 2011. Kuanzia 2023 dizeli zenye injini za kabla ya 2010, isipokuwa chache zenye ruhusa maalumu, haziruhusiwi kufanya kazi California, kwa hiyo huyu alikuwa mzee miongoni mwa wanaoruhusiwa. Mpimaji, dada aliyevaa ovaroli, alizunguka kwanza akichungulia kama chujio la masizi lipo na halijachokonolewa. Kisha akapachika kipimo kwenye mdomo wa ekzosi, akampungia dereva mkono. Gia huru, mafuta hadi mwisho, injini ikanguruma hata mabati ya yadi yakatetemeka, akaachia. Mara tatu za kwanza ni za kukohoa tu, kutoa uchafu uliolala ndani ya bomba. Tatu zinazofuata ndizo za hesabu. Mwanga hupitishwa ndani ya moshi, na kwa injini yenye chujio, moshi ukizuia zaidi ya asilimia 5 ya mwanga huo, lori limeanguka. Mimi niliyesimama hatua chache tu sikuona moshi wowote. Kipimo kiliona kidogo, chini ya kiwango, na lori likapita.

Zamu ya mwenyeji wangu haikuwa na kelele hata kidogo. Dizeli za kuanzia 2013 zina kompyuta inayoweka kumbukumbu za hitilafu zake zenyewe. Dada alichomeka kifaa chini ya usukani, na taarifa zikaenda moja kwa moja kwa mamlaka ya hewa ya jimbo, CARB. Nikauliza kama fundi mjanja hawezi kufuta hitilafu usiku wa kuamkia kipimo. Mwenyeji wangu akacheka: kompyuta huonyesha pia kwamba imefutwa juzijuzi, na hilo peke yake laweza kukuangusha.

Sheria iliyozaa haya, SB 210, ilipitishwa 2019. Inayahusu magari yote yenye uzito wa juu unaoruhusiwa unaozidi kilo 6,350, ila ya petroli, hata ya majimbo mengine yanayopita tu. Vipimo vya lazima vilianza 2025, mara mbili kwa mwaka kwa magari mengi, na kila gari hulipiwa ada ya mwaka ya dola 30 na ushei. Bila cheti, bandari haitakiwi kukupokea. CARB inasema malori mazito ni kama asilimia 3 tu ya magari ya jimbo, lakini ndiyo yanayotoa zaidi ya nusu ya masizi ya dizeli na oksidi za naitrojeni zitokazo kwenye vyombo vya usafiri. Ukishasikia hesabu hiyo, huulizi tena kwa nini wanayaandama.

Kinachomkera mwenyeji wangu si ada. Ni mitambo ya kando ya barabara, inayonusa hewa ya ekzosi lori likiwa mwendoni huku kamera ikisoma namba. Ukishukiwa, barua inakujia nyumbani, na una siku 30 kuleta kipimo kipya. “Tajiri ana malori mia, moja likilala hajui. Langu likilala, watoto wanajua.” Ana haki ya kulalamika, kubadilisha chujio ni pesa nyingi kwa mtu wa lori moja, na jimbo lingefaa kumsaidia huyo kwanza. Lakini masizi hayaulizi yametoka lori la tajiri au la maskini.

Nilikumbuka Mariakani, Kenya, ambako nimesimama mara nyingi nikitazama malori yakipandishwa mizani. Kilo zinahesabiwa moja moja, moshi unapita bure. Afrika Mashariki ilianza kutumia dizeli safi zaidi, ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, mwaka 2015. Mafuta yametangulia, kipimo ndicho kilichobaki nyuma. Pale pale penye mizani pangetosha kuanzia.

California yenyewe haijamaliza. Kuanzia Oktoba 2027, malori yenye kompyuta kama la mwenyeji wangu yatapimwa mara nne kwa mwaka.