Maturubai Matatu

Msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Bukoba kwa barabara katika miaka ile alivuka kwanza maji ya Kigongo kwa kivuko, akapita Sengerema na Geita, na baada ya Biharamulo akaanza kuiona nchi ikibadilika rangi. Nyasi kavu huipisha migomba, na kuanzia Muleba migomba haina mwisho. Nyumba zimo ndani yake, si kando yake. Mhaya hujenga katikati ya kibanja chake, hupanda mibuni chini ya kivuli cha migomba, na siku yake ikifika huzikwa humo humo. Mgeni apitaye barabarani aweza kuvuka kijiji kizima asikione. Ndivyo ilivyotupata mwanzoni mwa Oktoba 2016, katika siku za awali za Muharramu: tulikwenda kwa watu wa maafa, na kwa mwendo wa saa nzima hatukuona ila kijani kibichi.

Tulikuwa watu watano wa msikiti mmoja wa Mwanza, na gari la mizigo lenye unga, sabuni, mablanketi na maturubai arobaini.

Tetemeko lilikuwa limepiga Jumamosi, tarehe 10 Septemba, karibu saa tisa na nusu alasiri. Ilikuwa siku ya Tarwiya, mwezi 8 Dhul-Hijja, mahujaji wakiwa Mina na waliobaki makwao wakijiandaa kufunga Arafa. Wataalamu walipima ukubwa wa 5.9, na chanzo chake kilikuwa kiasi cha kilomita 40 chini ya ardhi. Kwa nchi zilizozoea misukosuko hiyo na kujenga kwa ajili yake, kipimo hicho si kikubwa sana. Lakini Kagera haikuwa imezoea. Kuta nyingi zilikuwa za matofali ya udongo au mawe yaliyounganishwa kwa tope, bila nondo wala mkanda wa zege wa kuzishika juu, na ukuta wa namna hiyo ukiyumba mara mbili haurudi. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ziliharibika, mjini Bukoba hasa Hamugembe na huku vijijini hadi Missenyi.

Yatupasa kukiri kwamba tulichelewa. Ijumaa ya kwanza baada ya tetemeko tulichangishana, na Ijumaa hiyo hiyo maneno yakaanza. Mmoja aliuliza nani atahakikisha fedha zinafika. Mwingine alirudia mizaha ya zamani juu ya Wahaya, ya nshomile wasiokosa cha kujivunia, akasema hata tetemeko watalisimulia kwa maringo. Tulicheka. Mwishoni mwa Septemba ikatangazwa kwamba maofisa wawili wa serikali wameondolewa katika nafasi zao kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Habari hiyo ilituhuzunisha, na kwa siri ilitufurahisha pia, kwa kuwa ilitupa sababu. Dhana ina utamu wake: humfanya mtu ajione mwerevu huku mkono wake ukibaki mfukoni. Baada ya mabishano ndipo tukaamua kununua vitu badala ya kutuma fedha, na kuvigawa kwa mikono yetu wenyewe.

Mkoa huu si mara ya kwanza kutazamwa hivyo. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera, watu wakakimbia na daraja la Kyaka likavunjwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa hapa, na kwa miaka mingi Mhaya safarini alinyooshewa kidole kabla hajasalimia. Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama karibu na Mwanza, machoni petu, mamia wakafa. Watu wazima wa huko wanayakumbuka yote matatu.

Kijiji tulichofikia kiko kando ya barabara iendayo Mutukula. Imamu wa msikiti wake mdogo alitupokea nje, kwa sababu ndani kulikuwa na ufa uliopita kutoka dirishani hadi kwenye mihrabu. Alitueleza kwamba Idi waliswali uwanjani, na kwamba nyama ya udhhiya ilipikwa katika masufuria machache yaliyonusurika, Waislamu na Wakristo wakizunguka mafiga yale yale, maana majiko mengi yalikuwa chini ya kifusi. Chama cha kuzikana cha kijiji, ambacho kwa desturi huchangia sanda, jeneza na chakula cha msiba, ndicho kilichohesabu nani amelala wapi usiku wa kwanza. Hakikusubiri kuambiwa.

Katika kibanja kimoja tulimkuta bibi kizee ameketi juu ya mkeka kando ya mlango uliobaki umesimama peke yake, bila ukuta kulia wala kushoto. Alipotuona aliagiza mjukuu wake alete akamwani, buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo Mhaya humpa mgeni atafune. Zilikuja ndani ya kifuniko cha sufuria. "Wanangu, hamtatoka kwangu midomo mitupu," alisema. Tulimpa blanketi na turubai. Mmoja wetu alitaka kumwongezea blanketi la pili. Akalikataa, akatuonyesha njia ya kwenda kwa jirani mwenye mtoto mchanga.

Ugawaji tuliufanya jioni kwa orodha ya mtendaji wa kijiji. Tuliona fahari kwa orodha ile: jina, alama, sahihi. Karibu na magharibi akaja kijana ambaye jina lake lilikwisha kutiwa alama. Alisema anaomba turubai la baba yake mdogo, aliyehamia kwao na watoto kutoka kitongoji kingine na hakuandikwa popote. Tulimtaka alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Akasema mwenyekiti yuko Bukoba mjini. Tukatazamana. Mmoja wetu akanong'ona, "Ndio hao." Kijana alisikia. Hakukasirika, alisema, "Haya wazee, asanteni kwa safari," akashika njia ya migombani.

Maturubai matatu yalibaki. Baada ya isha tulimuuliza imamu kuhusu kijana yule. Alijibu kwamba ukoo wao umetapakaa vitongoji vitatu. Huenda alisema kweli, huenda hakusema. Kisha akauliza kwa upole, "Na hayo mnayapeleka wapi?" Tulisema yatawekwa stoo ya msikiti kwa maafa mengine. Hakubisha. Kulipokucha tuliyapakia tukaondoka, na mpaka leo hatuwezi kueleza vizuri kwa nini hatukumwachia.

Njiani mzee wa msafara wetu alitukumbusha hadithi ambayo kila mmoja wetu ameisikia darsani: mtu aliyetoa sadaka usiku, ikaangukia mikononi mwa mwizi, na usiku mwingine kwa mwanamke mzinzi, na mwingine kwa tajiri, watu wakawa wanamzungumza kila asubuhi. Akajulishwa kwamba huenda kwa sadaka ile mwizi akaacha wizi wake, na tajiri akazingatia. Mzee hakuongeza neno. Alikuwa ndiye aliyeshika orodha.

Tulifika Busisi alasiri, kivuko kikiwa ng'ambo ya pili. Wingu lilikuwa limetufuata tangu Biharamulo, na mvua ilishuka kwa ghafla, nzito, ya upande ule wa ziwa. Gari lilikuwa na viti vya watu watatu tu mbele. Dereva akapanda nyuma, akafungua turubai moja lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, na sisi wanne tukajibanza chini yake hadi kivuko kilipotia nanga.