Bolijointi ya bei poa nusura itumalize

Msomaji wangu, leo sina mzaha. Leo natubu. Ukimaliza kusoma, unicheke au unitukane, yote nitameza.

Ilikuwa mwishoni mwa 2018. Watu wa Lindi na Mtwara mnaukumbuka msimu ule wa korosho. Mwezi Novemba Serikali ikatangaza kwamba itanunua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kusomba magunia, wakulima wakabaki kusubiri malipo. Mjomba wangu wa Nachingwea naye alikuwa anasubiri. Kilichokuwa kinamlisha ni Noah yake kuukuu, aliyokuwa akipakia abiria kwenda Ruangwa na kurudi.

Noah ikaanza kugonga mguu wa mbele. Fundi akalala chini, akatikisa tairi, akasema bolijointi zimekwisha. "Lete orijino, barabara hii haina huruma." Wakati ule ilikuwa vumbi na mashimo.

Mimi nilikuwa Dar, nahangaika na cheti changu cha kidato cha nne. Mjomba akakopa, akanitumia laki moja na nusu kwa simu. "Mjomba, ninunulie jinuini, pande zote mbili, mpe konda wa basi aje nazo." Huku kwetu Kusini, mjomba akisema umesikia.

Nikatinga Kariakoo, kwenye maduka ya spea. Muuzaji akaniwekea aina tatu. Ya kwanza jinuini, ndani ya boksi la Toyota. Ya pili 555, ya kampuni nyingine ya Japani, bei ya kati. Ya tatu elfu kumi na tano, nayo ndani ya boksi linalofanana na lile la kwanza kama pacha. "Ni ileile, kaka, tofauti bei tu."

Nilijua ni kimeo. Hapo ndipo ilipo dhambi yangu, msomaji: nilijua. Lakini Jumamosi ile nilikuwa na miadi na binti mmoja wa Temeke, na viatu vyangu vilikuwa vinacheka. Nikabeba mbili za elfu kumi na tano. Chenji ikaishia kwenye raba mpya na chipsi kuku.

Krismasi nikaenda nyumbani. Mjomba akanipa kazi ya ukonda, tukaondoka alfajiri na abiria saba, mmoja mama mwenye mtoto mgongoni. Hatujafika Ruangwa, kwenye mteremko, nikasikia "kaa!" Tairi la mbele likalala chali, Noah ikaserereka kwa tumbo mpaka kwenye mkorosho. Kelele, vumbi, kisha kimya. Halafu mtoto akalia, nami sijawahi kufurahia kilio kama kile. Mzee mmoja alipasuka kipaji cha uso. Hakufa mtu.

Mjomba akachungulia chini. Kile kitufe cha bolijointi kilikuwa kimechomoka kwenye kikombe chake, na rangi ya dukani bado inang'aa. Akaniangalia. Akaziangalia raba zangu.

"Mjomba, jinuini ndiyo hii?"

Njia ya mwongo fupi. Nikasema yote palepale, mbele ya abiria.

Fundi ndiye aliyenifungua macho baadaye. Kumbe si kwamba kisicho jinuini ni takataka. Kampuni kama Denso na KYB huwauzia Toyota spea za magari mapya, na huuza pia madukani kwa majina yao wenyewe, mara nyingi kwa bei nafuu. Hiyo ni spea mbadala, haina aibu. Adui ni feki, ile inayovaa jina la mwenzake. Tume ya Ushindani, FCC, ina kazi ya kuziwinda kwa kutumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, lakini haiwezi kusimama nawe kila kaunta.

Kwa hiyo nenda na spea yako ya zamani mkononi. Linganisha uzito, namba na maandishi. Dai risiti. Jina kubwa kwa bei ya karanga, kula kona. Na kama mfuko umetoboka, bania kwenye waipa na vioo vya pembeni. Usibanie breki, stelingi, tairi wala bolijointi, maana hapo unanunua roho za watu.

Raba niliziuza. Ukonda niliufanya miezi minne bila mshahara mpaka deni likaisha, na yule mzee nikamlipia dawa.

Mwaka jana mjomba alinipigia tena. Anataka pedi za breki. Akatuma hela, hakuuliza bei, hakudai risiti.

Risiti nilimtumia hivyo hivyo.