Kiua Hutobolewa, Hakikatwi

Shangazi yangu, dada wa baba, alifariki mwaka huu. Kwetu Kikwajuni, katika rika lake, hakubaki mwengine aliyekuwa akishona kofia za viua kwa mkono. Wanaume waliokuja kumzika walivaa, wengi wao, kofia za mashine. Sikuwalaumu siku ile, kwani msibani si pahala pa maneno hayo. Lakini jambo hili limenikaa moyoni, na kwa kuwa macho yangu nayo siku hizi hayatungi sindano ila mchana mlangoni, nimeona niliandike.

Nilizaliwa Unguja mwaka 1952. Nikahitimu Kurani chuoni, nikasoma skuli, Mapinduzi ya 1964 yakanikuta mtoto, nikaolewa, nikazaa. Hayo ni ya kila mwanamke wa umri wangu. Langu mimi lilianza jioni shangazi aliponiita mkekani, akanipa kipande cha marikani na sindano isiyo uzi, akaniambia nitoboe mstari ulionyooka. Nilikaa na sindano tupu muda mrefu kabla hajanipa uzi. "Mkono kwanza, mwanangu," alikuwa akisema, "uzi utakuja."

Shangazi hakushona cha kuuza. Alimshonea mumewe, ndugu zake, wakwe zake na watoto wa kiume wa nyumba nzima. Kofia ya bwana arusi aliianza siku posa inapokubaliwa, maana kofia nzuri hula miezi miwili mitatu kwa mtu anayeshika sindano baada ya kupika na kufua. Alishona redio ikisema, Sauti ya Tanzania Zanzibar, na taarabu ikianza hakuinua kichwa wala mkono haukwenda mbio. Kila mwanamme wa ukoo wetu aliswali Idi na kofia iliyotoka mkononi mwake. Hakuna aliyemlipa, na angemlipa angemuudhi.

Kofia ni vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kila kimoja hushonwa peke yake kikiwa bado bapa, na kuunganisha ni kazi ya mwisho. Kitambaa ni bafta, na hukunjwa maradufu. Nakshi huchorwa kwa penseli iliyochongwa kali, kwa mkono mwepesi, ili isibaki alama baada ya kufua. Baina ya bafta mbili hupitishwa uzi mnene, nao ndio unaoinua nakshi na kuusimamisha ukanda. Hapo tena ndipo vinapokuja viua, vile vitundu vinavyopitisha hewa kichwani, ambavyo ukiiinua kofia mbele ya dirisha unaviona vimejipanga safu kwa safu. Kiua ndicho kinachomtambulisha fundi.

Na juu ya kiua ndiko mtaa wetu ulikogawanyika.

Palikuwa na fundi mwengine, mwanamke hodari, mwenye wanafunzi wengi na wateja wa mjini. Yeye alikata. Alichukua ncha ya mkasi au wembe, akakata tundu, akazungushia uzi, akaenda kwenye jengine. Shangazi alitoboa. Alianza kwa mwiba wa mdimu, akaupenyeza kwenye bafta pole pole huku akiuzungusha, kisha akapanua kwa msumari mwembamba uliosuguliwa jiweni mpaka ukang'aa. Alikuwa ameshapita na sindano kulizunguka duara la penseli, ushonaji mdogo mdogo, ili tundu lisivuke mpaka. Baada ya kutoboa alishona ukingo, uzi ukilala ubavuni mwa uzi, kila mshono ukivutwa kwa nje kwa nguvu moja.

Kitambaa ni nyuzi zilizopishana. Ukitoboa, nyuzi zile hazikatiki. Husogea na kujibana ukingoni, na mshono wako huzifunga zikiwa nzima. Ukikata, umeacha ncha zilizolegea, na mshono hauna cha kushika ila hizo ncha. Fundi yule alikuwa akisema tundu la kukata ni la mviringo zaidi, kazi yake ni ya haraka, na uzi unaficha yote. Kofia ikiwa mpya, ni kweli, hutaona tofauti. Arusini wanawake walikuwa wakizishika kofia za pande zote mbili na kuziinua kwenye mwanga, na mara nyingi waliisifu ya kukata.

Lakini kofia nyeupe si ya kuvaliwa mara moja. Hufuliwa, hutiwa kanji, huvutwa juu ya kopo au bakuli la kipimo cha kichwa, ikakauka na umbo lake. Kule kuvuta ndiko kunakotoa hukumu. Kiua cha kukata huanza kutoa manyoya, halafu mshono unatoka mzima mzima, na tundu moja hulipasukia la pili. Kiua cha kutoboa huvutwa kikarudi. Kofia niliyomshonea mume wangu mwaka 1979 imefuliwa na kutiwa kanji miaka yote hii, na sasa mwanangu ndiye anayeivaa Ijumaa. Nani aniletee kofia ya wembe ya mwaka ule iliyo nzima?

Nimesikia watu wakisimulia kwamba ushonaji wa Kikwajuni ulitoka kwa fundi yule. Haukutoka kwake. Wanafunzi wake wawili walikuja kwa shangazi usiku, baada ya Isha, kujifunza kutoboa, na mimi ndiye niliyewashikia taa. Shangazi aliwafundisha bila kuwauliza wametoka kwa nani, na hakulitangaza jambo hilo maisha yake yote. Mimi nalitangaza kwa sababu yeye hayupo, na haki yake ipo.

Kofia hizi zilivuka bahari pia. Jamaa zetu waliohamia Oman, wengine baada ya Mapinduzi, wengine baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, waliikuta kule kofia hii hii ikiitwa kumma, na wanawake wanaishona majumbani. Hata hivyo walimwandikia shangazi. Ndani ya bahasha walitia uzi uliokatwa kwa kipimo cha kichwa, na jina la mtoto limeandikwa pembeni. Katika miaka ya uhaba, bafta ilipokuwa adimu madukani, wao walituletea kitambaa na nyuzi, sisi tukawarudishia kofia.

Uhaba haukuiua kazi hii. Kinachoiua ni wingi. Sokoni Darajani leo kofia za mashine zinauzwa kwa bei ya kitoweo. Mashine nayo hukata, tena hukata haraka kuliko fundi yeyote, na vitambaa vingi vina nailoni, havishiki kanji. Kijana hununua, huvaa Idi mbili, hutupa. Wapwa zangu wananiambia hawana muda. Wanangu, muda mnao. Mama zetu walichota maji bombani, walipika kwa kuni, walilea watoto saba, na kofia ikamalizika. Mkiihesabu kila saa kwa shilingi mtaona kofia ya mkono ni hasara, na kwa hesabu hiyo hata kumbeba mtoto ni hasara. Zawadi haipimwi hivyo. Mume anayevaa kofia uliyoishona anajua ulikaa miezi ukikifikiria kichwa chake, na dukani hakuna wa kumuuzia jambo hilo.

Nakshi za shangazi hazikuandikwa pahala popote. Nyengine ninazo kichwani, nyengine zimo ndani ya makabati ya watu, kwenye kofia za marehemu. Basi nakuomba wewe unayesoma: ukiwa na kofia ya viua ya babu yako, hata iliyochanika, usiitupe wala usiifanye tambara. Iweke kwenye mwanga, chukua karatasi na penseli, uichore safu kwa safu, kisha mpe binti yako mwiba wa mdimu. Kama hajui pa kuanzia, mlete Kikwajuni. Alasiri nipo mlangoni.