PSP: Ugonjwa Umehama

Kulikuwa na wakati PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, ikiletwa mezani kwangu inawaka taa ya kijani, kioo cheusi, nilijua habari yake kabla sijaisikia: mwenyewe alikuwa anabadilisha mfumo, chaji ikakatika katikati. Kumbukumbu ya ndani imeandikwa nusu, mashine haina pa kuanzia. Wengi waliishia kuziuza kwa ajili ya vioo na vitufe.

Mwaka 2007 ikaja betri ya Pandora. Betri ya PSP ina chipu yenye namba yake. Ukiibadilisha namba hiyo iwe FFFFFFFF, mashine huamini iko kwa mafundi wa kiwandani: inaruka kumbukumbu ya ndani na kuanzia kwenye kadi ya Memory Stick iliyoandaliwa. Unachomeka betri, inajiwasha yenyewe bila swichi kuguswa, unaandika mfumo upya. Baadaye mara nyingi niliweka mfumo wa 5.00 M33, uliotengenezwa na Dark_AleX, si Sony. Mashine iliyokuwa maiti inacheza gemu siku hiyohiyo.

Sony wakaliziba tundu hilo kwenye bodi za mwisho za PSP-2000, na kwenye PSP-3000 iliyotoka 2008. Malalamiko nayo yakabadilika. Kwenye PSP-3000 yenye toleo la 6.60 la Sony, mfumo wa PRO, nao usio wa Sony, ulikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Mashine ikizimika kabisa, nao unaondoka. Gemu za kwenye folda ya ISO hazionekani, na programu zisizo na sahihi ya kiwanda zinagoma kwa namba 80020148.

“Fundi, gemu zangu zote zimefutika!”

“Hazijafutika, mdogo wangu. Uliilaza au ilizimika kabisa?”

Jibu la swali hilo ndilo lililokuwa kipimo changu. Kama ilizimika, nafungua programu ya Fast Recovery, inaupandisha mfumo wa PRO tena, na kila kitu kinarudi. Toleo la 6.61 la Sony lilipotoka mwaka 2015, na programu ya Infinity ya Davee ikalifuata, mfumo usio wa Sony ukaanza kupanda wenyewe kila mashine inapowashwa, hata kwenye PSP-3000. Kilio hicho kikaisha.

Siku hizi ugonjwa umehamia kwenye vifaa. Betri zimevimba hadi kifuniko hakikai. Adapta za microSD zinakuja na kadi feki: imeandikwa GB 64, uwezo wake wa kweli ni mdogo mno. Gemu za kwanza zinacheza vizuri, zilizoongezwa baadaye zinaganda, na mteja anaulaumu mfumo. Najaza kadi mafaili hadi mwisho, nayarudisha kwenye kompyuta na kuyalinganisha na yale ya mwanzo. Yakitofautiana, kadi ndiyo mbovu.

Vijana wanaojifunza kwangu hukimbilia kuandika mfumo upya. Nawazuia. Waanze na kadi, wafuate betri, mfumo uwe wa mwisho. Walioutengeneza waliifanya kazi yao vizuri mno. Sasa mfumo ndio kitu kizima kuliko vyote ndani ya mashine hizi, na kwa sababu yao bado zina thamani ya kutengenezwa.